Nyonga ya Kijana Haingoji Foleni

Mgonjwa anaonyesha goti. Ana miaka 30 hivi, goti halijavimba, eksirei yake ni safi, basi anaandikiwa dawa ya maumivu na kurudi nyumbani. Laiti angelazwa chali na mguu wake ukazungushwa kwa ndani, angeguta kwa maumivu ya kinena. Ugonjwa uko kwenye nyonga. Neva zinazohudumia nyonga na goti ni zilezile, ndiyo maana goti linasingiziwa.

Kichwa cha fupa la paja, lile tufe linalozunguka ndani ya nyonga, hulishwa na mishipa myembamba inayopanda kwenye shingo ya mfupa. Shingo ikivunjika au nyonga ikiteguka ajalini, mishipa hiyo huweza kukatika, na mfupa hufa kwa kukosa damu. Pengine hakuna ajali yoyote: kuna steroidi kama prednisoloni kwa dozi kubwa, pombe nyingi ya miaka, au selimundu, ambayo chembe zake za damu huziba mishipa. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na selimundu, kwa hiyo kwetu ugonjwa huu si wa kuitwa adimu. Na usipotokana na ajali, mara nyingi hushika nyonga zote mbili, hata kama inayouma ni moja.

Mfupa uliokufa hauporomoki siku hiyohiyo. Hubaki na umbo lake kwa miezi, hata miaka, kama mlango ulioliwa na mchwa: rangi ipo, mbao haipo. Mwanzoni eksirei huweza kutoka safi kabisa. Kipimo kinachoona ni MRI. Kisha uzito wa mwili hushinda, ufa wenye umbo la hilali hutokea chini ya gegedu, na tufe hubonyea.

Upasuaji wa kuokoa nyonga una maana zaidi kabla ya kubonyea huko. Ulio mwepesi ni kutoboa: drili hupitishwa kutoka ubavuni mwa paja hadi eneo lililokufa, shinikizo ndani ya mfupa likashuka. Wafaransa Arlet na Ficat waliangukia faida yake. Walikuwa wakitoboa kwa ajili ya uchunguzi tu, wagonjwa wakasema maumivu yamepungua. Mfaransa mwenzao, Philippe Hernigou, aliongeza uboho wa mgonjwa mwenyewe, unaovutwa kwenye mfupa wa kiuno, kukolezwa na kudungwa ndani ya tundu. Zipo kazi nzito zaidi. James Urbaniak wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alihamisha kipande cha mfupa mwembamba wa mguu pamoja na mshipa wake wa damu, akauunganisha mshipa huo nyongani chini ya hadubini. Sugioka wa Japani alikata mfupa na kukizungusha kichwa ili upande ulio hai ndio ubebe uzito. Wengi waliomwiga nje ya Japani hawakupata matokeo kama yake.

Hata hivyo, kutoboa si dawa ya kila mtu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2006 uliwagawa wagonjwa wa selimundu: baadhi fiziotherapia peke yake, wengine fiziotherapia na kutobolewa. Baada ya takriban miaka 3, tofauti ya maana haikuonekana. Eneo lililokufa likiwa kubwa, nyonga nyingi hubonyea hata zikitobolewa. Gegedu likishalika, mimi siwezi kumshauri mtu ang'ang'anie. Nyonga bandia humrudisha kazini, ingawa kijana ajue huenda akahitaji kubadilishiwa tena maishani.

Kwa hiyo mwenye selimundu, au aliyewahi kutumia steroidi kwa muda mrefu, kinena kikiuma na eksirei ikitoka safi, aulizie MRI ya nyonga zote mbili. Wakati akisubiri aache kuruka na kubeba mizigo, na atembelee gongo. Gongo lishikwe kwa mkono wa upande usiouma. Wengi hulishika kinyume.