Hitilafu ndogo kwenye ubongo inayozaa maradhi makubwa

UBONGO wa mwanadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86, lakini nyingi ya seli hizo hazigusani. Baina yake mna upenyo mwembamba mno. Makutano hayo huitwa sinapsi, jina lililoanza kutumiwa na Mwingereza Charles Sherrington mnamo 1897.

Seli moja hutoa kemikali, nayo huvuka upenyo huo na kupokewa na seli ya pili. Katika upande wa kupokea, protini nyingi hushikana na kuwa mithili ya mtambo mmoja. Baadhi hupokea ujumbe, nyingine huupitisha ndani ya seli, na nyingine, kama ile iitwayo PSD-95, huzishikilia zilizosalia mahali pake mfano wa nguzo za nyumba.

Umuhimu wa nguzo hiyo ulidhihirika 1998, panya waliovurugwa jeni ya PSD-95 walipochunguzwa. Ajabu ni kwamba sinapsi zao ziliimarika kupita kawaida zilipochochewa, ilhali panya wenyewe walitatizika kujifunza. Kumbe akili haihitaji nguvu pekee, bali pia ulinganifu.

Desemba 2010, watafiti wakiongozwa na Profesa Seth Grant wa taasisi ya Wellcome Trust Sanger, Uingereza, walitangaza matokeo ya uchunguzi wa vipande vya ubongo vya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji. Walipata aina 1,461 za protini katika eneo hilo, na kubaini kuwa hitilafu katika jeni zake husababisha maradhi zaidi ya 130 ya ubongo.

Kwa mfano, kasoro katika jeni ya SYNGAP1 huleta ulemavu wa akili na, mara nyingi, kifafa. Ile ya SHANK3 huhusishwa na usonji.

Hata hivyo, si yote yatokanayo na jeni. Mnamo 2007, Josep Dalmau na wenzake walieleza ugonjwa ambapo kinga ya mwili hushambulia vipokezi vya NMDA, ambavyo ni sehemu ya mtambo huo. Mgonjwa, aghalabu mwanamke kijana, huweweseka, huona yasiyokuwepo na kupatwa na degedege. Ni rahisi kudhaniwa kapagawa na mapepo, ilhali wengi hupata nafuu wakitibiwa mapema.

Kwa maradhi ya jeni, dawa nyingi zilizopo hutuliza dalili tu. Lakini jamaa wanaofahamu kiini chake hawana sababu ya kumficha mgonjwa nyumbani, wala ya kutafuta aliyemroga.