Zaidi ya Kisawe: Kufasiri Misimu na Kejeli katika Mashairi ya Hip Hop ya Tanzania



Mhakiki anayekutana na shairi la hip hop ya Tanzania kwa mara ya kwanza hushawishika kupigia mstari kila neno asilolijua na kuliandikia kisawe chake cha Kiswahili sanifu. Hoja yangu ni kwamba kazi hiyo, ingawa ni ya lazima, ni mwanzo tu wa ufasiri. Anayeishia hapo hupoteza kile hasa alichokusudia mtunzi.

Tuanze na neno lenyewe. Chukua mlalahoi. Kisawe chake cha haraka ni maskini, lakini maneno haya mawili hayasemi jambo moja. Maskini hueleza upungufu wa mali. Hakuna aliyetajwa kuusababisha. Mlalahoi ameundwa kwa kitenzi lala na kielezi hoi: ni mtu anayefika kitandani akiwa taabani kwa kazi ya kutwa, na kesho yake hali ni ileile. Hivyo neno linabeba hoja: linakanusha madai kwamba fukara ni mvivu, na linatulazimisha kuuliza jasho lake limemnufaisha nani. Ndivyo lilivyo pia jina Bongo. Kimofolojia ni ubongo katika umbo la ukubwa. Kimatumizi ni Dar es Salaam, na baadaye Tanzania nzima. Anayeandika “Dar es Salaam” hajakosea, ila ameiacha hukumu iliyomo: kwamba hapa mtu huishi kwa kuchemsha akili.

Hata neno la mkopo halibaki na maana ya kwao. Geto, ambalo Marekani ni mtaa wa watu waliotengwa, kwa kijana wa Dar es Salaam ni chumba chake cha kupanga kabla hajaoa. Mwanafunzi anayelifasiri kwa kamusi ya Kiingereza atajenga uhakiki mzima juu ya kosa.

Hatua ya pili ni kumtambua nafsineni, yaani yule anayesema “mimi” ndani ya shairi. Mfano bora ni “Ndiyo Mzee” wa Professor Jay, uliotoka mwaka 2001. Anayesema si mtunzi bali mgombea jukwaani, ambaye ahadi zake zinazidi kukua hadi kuvuka mipaka ya akili, na umati humwitikia kwa maneno hayo mawili ya anwani. Tuyatazame vizuri. Si misimu hata kidogo. Ni Kiswahili cha adabu, ambacho kila mtoto hufundishwa kumwitikia mkubwa wake. Hapo ndipo kejeli ilipojificha. Heshima imegeuka kuwa njia ya kunyamazisha swali, na anayechekwa si mgombea peke yake; umati unaoitikia nao umo. Mhakiki aliyekuja na orodha ya misimu angepita juu ya maneno haya bila kuyapigia mstari.

Hatua ya tatu ni wakati. Misimu huzeeka upesi, na nyingine hubadili kazi. Kuchakachua kulijulikana sana kwa uchanganyaji wa mafuta ya magari. Kufikia uchaguzi wa mwaka 2010 neno likawa limehamia kwenye kura. Nyimbo nazo hubadilika masikioni mwa wasikilizaji. Joseph Haule, ndiye Professor Jay, alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi mwaka 2015 akatumikia hadi 2020. Anayeusikiliza “Ndiyo Mzee” leo huusikia pamoja na historia hiyo, tofauti na aliyeusikia mwaka 2001.

Wapo watakaouliza kama tungo hizi zastahili juhudi hii. Tukumbuke kwamba Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840) alitunga mashairi yaliyofungamana na ugomvi kati ya mji wake na watawala wa Oman, na mengi hayaeleweki pasipo kujua nani alihasimiana na nani. Hatusemi kwamba Muyaka alipotosha lugha. Tunatafuta muktadha wake. Haki hiyohiyo tunawanyima vijana tunapouita usemi wao uhuni na kuuwekea alama ya kosa.

Kwa Muyaka tulichelewa: waliojua maana za kwanza walikwisha kufariki. Kwa tungo hizi watunzi na wasikilizaji wa awali wengi wangali hai. Kwa hiyo nawaomba wanafunzi, mnapokusanya misimu, msiandike maana pekee. Andikeni pia mwaka, mtaa, nani alilitamka neno, alimwambia nani, na kama aliyesikia alicheka au alikasirika.