Undugu wa Panya na Afya ya Binadamu

Katika misitu ya Ufini, idadi ya panya mdogo aitwaye Myodes glareolus hupanda na kushuka kwa mizunguko ya miaka 3 hadi 4. Inapofika kileleni, wagonjwa wa homa inayoshambulia figo huongezeka, kwa kuwa panya huyo hubeba virusi vya Puumala. Mkojo na kinyesi chake hukauka, na mtu huvivuta virusi hivyo pamoja na vumbi anapofagia ghala.

Chakula na wanyama wawindaji hueleza sehemu kubwa ya mizunguko hiyo, lakini si yote. Mwaka 1980, Charnov na Finerty walitoa wazo la kuvutia: panya wa jamii hiyo wakiwa wachache, huishi jirani na ndugu zao, huvumiliana, na watoto wengi hunusurika. Wakizidi, vijana huhamahama, wageni huchanganyika na wenyeji, na ugomvi huchukua nafasi ya undugu, hata idadi ikaporomoka. Majaribio ya baadaye hayakuthibitisha nadharia yote. Hata hivyo, baadhi yameonyesha kwamba jike aliyezungukwa na dada na mama zake hufanikiwa zaidi katika uzazi.

Haifai kuihamishia kanuni hiyo Tanzania bila kuipima. Panya shamba, Mastomys natalensis, ambaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wamemfuatilia Morogoro kwa miongo mingi, hana eneo analolilinda kwa ukali. Makazi ya majike na madume huingiliana. Ugomvi ukiwa mdogo hivyo, mvua ndiyo hutawala: vuli ikinyesha sana, uzazi huanza mapema, na jike mmoja aweza kuzaa watoto zaidi ya 10 kwa mkupuo. Ndiyo maana sumu inayotegwa mara moja, tena na kaya moja, haina manufaa ya kudumu. Panya wa jirani huhamia palipoachwa wazi wala hakuna mwenyeji wa kuwafukuza.

Kwa mhudumu wa zahanati, hesabu hiyo huanza na kalenda. Baada ya msimu wa mvua nzuri, mgonjwa wa homa ambaye kipimo chake hakionyeshi malaria aulizwe kama amesafisha ghala, amelala karibu na mahindi au amekanyaga maji yaliyotuama shambani. Homa ya mgunda, iliyozuka Lindi mwaka 2022, huweza kuenezwa kwa mkojo wa panya. Naye anayesafisha ghala alowanishe sakafu kwa maji yenye dawa ya kuua vijidudu kabla ya kushika fagio.