Ralonji Nayo Ina Kipimo Chake

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumbani, mbele ya kununua ralonji ya matundu mengi, igeuzeni msome. Ikiandikwa amperi 10, kwa umeme wa volti 220 inabeba wati 2200 tu. Resho ya wati 1500 na pasi ya wati 1000 ni 2500: mzigo umepita. Waya unapata moto, plastiki inayeyuka, na nyumba inaweza kuungua watoto wakiwa wamelala.

Radio, televizio na taa, ndiyo. Resho na pasi, kila kimoja kwenye prizi ya ukuta. Ralonji yenye waya mwembamba au isiyoandikwa kitu, iacheni, hata ikiwa ya bei ndogo.

Umeme ukimshika mtu, msimguse: zimeni kwanza umeme wa nyumba nzima, kisha mleteni upesi kwa dispensari.