Kompyuta Kuukuu ya Kikundi: Tuitupe au Tuitengeneze?

Vikundi vingi vina kompyuta iliyotumika, ya kuwekea mahesabu na majina ya wanachama. Sasa mashini imekuwa nzito: mnaiwasha, na chai inaiva kabla haijawa tayari. Wengine wanataka iuzwe kama vyuma kuukuu. Sisi tunasema, ngojeni kidogo. Mara nyingi mashini yenyewe bado ni nzima, kilichochoka ni sehemu mbili tatu tu, na hizo hubadilishwa.

Kwanza, okoeni mahesabu. Kabla bisibisi haijagusa kitu, nakilini kazi yote kwenye flashi mbili. Moja ikae kwa mweka hazina, nyingine kwa katibu. Ndani ya diski ya zamani mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Mkisikia inagongagonga, huenda iko karibu kufa, na ikifa inaweza kwenda na daftari lenu lote.

Betri ndogo. Je, kila mkiwasha tarehe inarudi nyuma miaka mingi? Basi angalieni betri ya duara kama sarafu, ya volti 3, iliyoandikwa CR2032. Bei yake ni ndogo, lakini tarehe ikikosewa, malipo ya mikopo nayo yataandikwa siku isiyo yake, na hapo ndipo ugomvi huanza.

Diski mpya. Hii ndiyo inayoleta tofauti kubwa. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka, kwa hiyo husoma haraka hata ndani ya mashini kuukuu. Tazameni waya wa diski ya zamani. Ukiwa mwembamba, ni SATA, na SSD ya SATA itaingia. Ukiwa mpana kama utepe, ni IDE, ya mashini za zamani zaidi. Hapo fundi anaweza kutumia kadi ya CompactFlash, ile ya kamera, na kiunganishi kidogo, maana kadi hiyo hufanya kazi kama diski ya IDE.

Memori. Msinunue kwa kukisia. DDR2 na DDR3 za kompyuta ya mezani zote zina miguu 240, lakini pengo lake liko mahali tofauti. Ya moja haiingii kwa nyingine, na ukilazimisha utavunja. Chomoeni ile ya zamani mwende nayo dukani.

Programu. Windows XP iliachwa na wenyewe tarehe 8 Aprili 2014, kwa hiyo mashini inayoitumia isiunganishwe na intaneti. Linux ni ya bure, na ziko aina zake nyepesi zinazofaa mashini za zamani.

Jihadharini! Chomoeni waya wa stima kabla ya kufungua, kisha gusa chuma cha sanduku ili umeme wa mwilini usiharibu sehemu. Msifungue kamwe kisanduku cha kugawa umeme, wala skrini ya zamani yenye kisogo kikubwa. Hata ikiwa imezimwa, skrini hiyo yaweza kushika maelfu ya volti. Hiyo ni kazi ya fundi.

Tusimame wapi? Tazameni vikopo vidogo kwenye ubao mkuu. Vikiwa vimevimba kichwani, fundi anaweza kulehemu vingine vyenye kipimo kile kile, na volti zisizopungua za kwanza. Lakini ubao wenyewe ukiwa umekufa, achaneni nao. Toeni memori na diski zitumike kwingine.

Badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja, mwashe, mwone. Na kabla ya kutoa pesa ya kikundi, fundi aseme mbele ya mkutano ni sehemu gani imeharibika na bei yake, katibu aandike. Sehemu ya zamani irudishwe kwa kikundi, muione kwa macho yenu.