Mtoto Aliyeitwa "Dili": Kazi Inayoanza Baada ya Kumwokoa

Katika miji na vijiji vya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, mtu mwenye ualbino anaweza kupita njiani akasikia neno moja likirushwa nyuma yake: "Dili!" Aliyelitamka huenda anawachekesha wenzake tu. Aliyelisikia hacheki, kwa sababu mwili wake umeshatajiwa bei.

Nimelianza somo hili na neno hilo kwa makusudi. Tunapozungumzia mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino huwa tunasema "imani za kishirikina", tukaishia hapo, kana kwamba ni giza la zamani lisilo na mwenyewe. Lakini dili ni biashara. Kuna anayetoa taarifa, kuna anayeteka, kuna anayesafirisha, kuna mganga anayeagiza, na mwishoni kuna mteja mwenye fedha anayeamini viungo vya mwili huo huleta bahati, naye anataka samaki wajae wavuni, dhahabu ionekane mgodini au kura zitoshe. Ushirikina ndio unaotengeneza soko, na wanaolihudumia soko hilo ni wasafirishaji haramu wa binadamu.

Kesi moja inaonyesha hilo wazi. Mwaka 2010 kijana wa Kenya mwenye ualbino alilaghaiwa na mwenzake kwamba kuna kazi Tanzania. Walipofika Mwanza ikabainika kwamba aliyemleta alikuwa akitafuta wa kumuuzia, tena akiwa hai. Wanunuzi aliowapata walikuwa askari waliojifanya wafanyabiashara, na mahakama ikamhukumu kifungo cha miaka 17. Ahadi ya ajira, safari ya kuvuka mpaka, bei mkononi: ndivyo anavyosafirishwa msichana anayedanganywa kazi za ndani mjini. Sheria yetu ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inatazama mambo matatu, yaani kitendo, njia iliyotumika na lengo la kunyonya. Kwa mtoto, njia haina uzito. Hata kama hakulazimishwa, hata kama mzazi alikubali, bado amesafirishwa.

Kuhusu waliouawa tumesikia mengi. Mwaka 2008 mwandishi wa habari Vicky Ntetema aliingia kwa waganga kwa siri na kuianika biashara hii, akatishiwa maisha. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama ilitoa hukumu ya kwanza ya kifo katika kesi ya aina hii. Kufikia mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulikuwa umetaja watu wasiopungua 75 waliouawa Tanzania tangu mwaka 2000. Na hatuwezi kusema yamekwisha: mwaka 2024 mtoto mdogo aliporwa mikononi mwa mama yake mkoani Kagera, na mwili wake ukapatikana wiki chache baadaye.

Makala haya yanawahusu waliobaki. Yupo aliyekatwa mkono akaishi. Yupo aliyeokolewa njiani kabla ya kufikishwa. Yupo ndugu aliyelala kitanda kimoja na aliyechukuliwa. Yupo mama aliyepigwa panga akimng'ang'ania mwanawe. Na wapo mamia ya watoto ambao hawakuguswa, ila usiku mmoja waliondolewa nyumbani kwa usalama wao na hawakujua watarudi lini. Wote hao ni manusura.

Hofu inapokaa mwilini

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hakuna maelezo mafupi ya kiwewe yaliyo bora kuliko hayo. Mwili wa binadamu ukiponea chupuchupu hujifunza kutosubiri uthibitisho. Mbwa akibweka usiku, mlango ukigongwa, taa ya pikipiki ikipita ukutani, moyo unaanza kwenda mbio kabla akili haijauliza ni nani. Kwa mtoto, hofu hii haiji na maneno. Inakuja kama kukojoa kitandani akiwa na miaka kumi, kukataa kulala taa ikizimwa, kunyamaza wiki nzima, kuwapiga wenzake, au kulikodolea macho daftari bila kuandika chochote.

Watu wazima tukiyaona hayo tunayasoma vibaya. Mwalimu anasema ni mtundu. Bibi anasema ana mapepo, atafutiwe mtu wa kumwangalia. Hapo napenda kusema kwa nguvu: mtoto aliyejeruhiwa kwa ajili ya uganga asitibiwe kwa uganga. Kumfukizia dawa, kumchanja chale au kumfungia chumbani wakati watu wazima wakinong'ona juu ya mwili wake ni kumrudisha kulekule alikotoka. Maombi ya upole, mtoto akiwa ameridhia na mlezi wake akiwa karibu, yanaweza kumfariji sana. Kufungishwa kwa nguvu, kukemewa na kupigwa ili "kitoke" kunamwongezea jeraha.

Kuna jambo lingine linaloutofautisha ukatili huu na ajali au vita. Kikulacho ki nguoni mwako. Katika kesi zilizofika mahakamani wametajwa mara kwa mara wajomba, baba wa kambo, majirani, hata wazazi. Mtu wa nje hajui mtoto analala chumba gani. Wa ndani ndiye anayejua. Kwa hiyo mtoto anajifunza kwamba aliyemlisha anaweza kumuuza. Ukimwambia "hapa uko salama, sisi ni ndugu zako", unatumia maneno yaleyale aliyosalitiwa nayo.

Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya kazi yetu ni ndogo sana kuitamka: usiahidi usichoweza kutimiza. Usimwambie "hakuna atakayekugusa tena", maana huna uwezo huo. Mwambie "nitarudi Alhamisi saa nne", kisha rudi Alhamisi saa nne. Ukichelewa, eleza kwa nini. Imani iliyovunjwa na mtu mmoja mara moja hujengwa upya kwa Alhamisi nyingi.

Siku za mwanzo

Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 una hatua tatu ambazo hata mwenyekiti wa kitongoji anaweza kuzishika: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia kama pana usalama na kama kuna jeraha linalohitaji daktari. Matibabu ya dharura hayapaswi kusubiri karatasi. Sikiliza bila kuchokonoa. Unganisha mtoto na mama yake, na ofisa ustawi wa jamii, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Hapa nchini simu 116 hupokea taarifa za mtoto aliye hatarini.

Katika kusikiliza ndiko tunakokosea zaidi. Polisi anauliza, daktari anauliza, mwandishi anakuja na kamera, kisha mgeni mashuhuri naye anataka asikie kwa masikio yake. Kila mara mtoto anausimulia usiku ule, na kila mara mwili wake unaurudia. Vituo vya Mkono kwa Mkono vilivyoanzishwa katika baadhi ya hospitali zetu vinamkutanisha daktari, askari, mshauri na ofisa ustawi mahali pamoja, ili mtoto asizungushwe ofisi kwa ofisi. Pasipo na kituo hicho, wazo lake linaweza kufuatwa bado: mtu mmoja aliyefunzwa aulize, wengine wasome alichoandika.

Baadaye, hofu ikishatulia kidogo, kuna tiba ya mazungumzo inayomsaidia mtoto kuyapanga matukio yawe hadithi yenye mwanzo na mwisho, badala ya vipande vinavyomvamia usiku. Wengi hudhani tiba hiyo inahitaji daktari bingwa, na mabingwa hao ni wachache. Utafiti uliofanyika Moshi na pia Bungoma, Kenya, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2020, ulionyesha vingine. Watoto 640 waliofiwa na wazazi walishiriki, na tiba ilitolewa kwa vikundi na washauri wa kawaida waliopewa mafunzo na kusimamiwa kwa karibu. Katika maeneo matatu kati ya manne ya utafiti huo, mara baada ya tiba kukamilika, dalili za kiwewe zilikuwa zimepungua zaidi kuliko kwa watoto waliopata huduma ya kawaida. Watoto hao hawakuwa manusura wa mashambulizi, lakini funzo linatuhusu: mtu wa kijiji, akifundishwa vizuri na asipoachwa peke yake, anaweza kuponya.

Kituo kilichookoa maisha, na bei yake

Kuanzia mwaka 2009 serikali iliwakusanya watoto wenye ualbino katika shule na vituo kama Buhangija mkoani Shinyanga, Mitindo wilayani Misungwi na Kabanga mkoani Kigoma. Ilikuwa hatua ya dharura, na haipaswi kubezwa. Wapo walio hai leo kwa sababu ya kuta za vituo hivyo. Lakini dharura ilirefuka. Mwaka 2019 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto hao ambayo kichwa chake kilibeba wazo zito, kwamba kulindwa kwao kulihisi kama adhabu. Mtoto wa miaka mitano hajui takwimu za mauaji. Anachojua ni kwamba mama alimshika mkono hadi getini, akaondoka.

Kumrudisha nyumbani basi ni sehemu ya tiba, nayo ina utaratibu wake. Ofisa ustawi huanza kwa kuichunguza familia: nani anaishi pale, nani ana deni, nani alitajwa katika kesi. Kisha huja ziara fupi: mama kuja kituoni, kisha mtoto kulala nyumbani siku mbili, kisha likizo nzima. Mlango unawekwa komeo imara, majirani wanaitwa, mwenyekiti wa mtaa anakabidhiwa jina lake kama dhamana. Nyumbani pasiporudika, atafutwe mlezi wa kuaminika katika ukoo au jirani, ili kituo kiwe kimbilio la mwisho.

Na asirudi mikono mitupu. Ngozi isiyo na melanini ya kutosha huungua, na katika jua letu saratani ya ngozi huua watu wenye ualbino wengi zaidi kuliko panga. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua, kama yale yanayotengenezwa Moshi kwa ajili yao, ni ulinzi sawa na komeo la mlango. Aliyepoteza kiungo anahitaji kiungo bandia, kisha kingine, kwa kuwa mtoto hukua na kiungo hakikui. Msaada wa mara moja unaopigwa picha haumfikishi mbali.

Darasani

Ualbino huathiri macho, na miwani hairejeshi uoni wote. Mtoto anayekaa nyuma haoni ubao, anafeli, kisha anaitwa mzito. Mwalimu anaweza kubadilisha hayo kesho asubuhi bila bajeti: amketishe mbele mbali na mwanga wa dirisha, asome kwa sauti anachoandika, amruhusu akaribie ubao, amwache avae kofia kwenye gwaride la asubuhi. Na mtihani upo kwa maandishi makubwa kwa mwenye uoni hafifu, mradi shule imwombee mapema. Kwa manusura, darasa ni zaidi ya alama. Ni mahali ambapo kila siku kengele inalia saa ileile na hakuna kibaya kinachotokea. Mwili wenye hofu unahitaji kulisikia hilo mara elfu.

Elimu kwa wasioguswa

Wapo wanaofikiri manusura ndiye wa kuelimishwa. Kwanza ni sisi. Ualbino hurithiwa pale ambapo baba na mama wote wawili wamebeba chembe yake ya urithi, hata kama ngozi zao ni nyeusi kabisa. Kwa wazazi wa namna hiyo, kila ujauzito una uwezekano wa robo wa mtoto kuzaliwa nao. Mama hakuzini na mzungu, hakulaaniwa. Maneno hayo yakisemwa kliniki, baba akiwepo, siku mtoto anapozaliwa, yanaweza kuzuia talaka, na talaka ikizuiwa mtoto anabaki na watu wawili wa kumlinda. Tuseme pia, bila kumung'unya, kwamba watu wenye ualbino hufa na kuzikwa kama sisi. Ile ngano kwamba hawafi bali hupotea imewasaidia wauaji.

Februari 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Tanzania ilivunja haki za watu wenye ualbino kwa kutowalinda ipasavyo, ikaamuru kuwepo mfuko wa fidia na elimu kwa umma. Fidia ni malipo ya matibabu na ada, na pia ni sauti ya taifa ikimwambia manusura kwamba kilichotokea hakikuwa kosa lake wala bahati yake mbaya. Watoto wengi wanabeba kimya aibu ya kudhani kwamba ni kosa lao. Wanahitaji kuisikia ikikanushwa na mwenye mamlaka.

Ukitaka kujua kama eneo lako linawasaidia manusura kweli, nenda kwenye shule yao ya bweni siku ya kufunga muhula. Magari yamefika, masanduku yapo mabegani, walimu wanatafuta funguo. Simama getini uwahesabu watoto ambao hakuna aliyekuja kuwachukua. Kisha jioni hiyohiyo, ukiwa na mwenyekiti na ofisa ustawi, anzeni kutafuta mmoja mmoja: huyu ana shangazi wapi, yule bibi yake yu hai? Muhula ujao, hesabu tena.