Tulivyoaga Lac Vert

Wengi wetu twajua kumpokea mgeni. Tangu utotoni twafundishwa kumpa kiti, kumletea maji na kumwuliza habari za kwao. Lakini ni wachache waliofundishwa jinsi mgeni mwenyewe apaswavyo kuondoka. Mimi na mke wangu tulijifunza jambo hilo mwaka 2019, tulipomaliza miaka miwili ya kukaa ugenini, na fundisho lenyewe lilinitia aibu kwanza kabla ya kunipa furaha.

NYUMBA JUU YA MAWE MEUSI

Mwezi wa Agosti 2017 tulitoka Tanzania, tukavuka Rusumo, tukapita Kigali na Gisenyi, hata tukafika Goma, mji mkuu wa Kivu ya Kaskazini katika Kongo. Nalikuwa nimepata kazi ya kufundisha kwa miaka miwili, nasi hatukuwa tumetimiza mwaka mmoja tangu kufunga ndoa. Tulipanga nyumba ya mbao upande wa magharibi wa mji, katika mtaa uitwao Lac Vert. Jina hilo ni la Kifaransa, maana yake Ziwa la Kijani. Kwa kuwa karibu na ufuko wa Ziwa Kivu liko ziwa dogo lililotuama ndani ya shimo la volkeno ya kale, na maji yake ni ya kijani kweli.

Nchi ile ni mawe meusi matupu. Wenyeji huyapanga kuwa kuta za viwanja vyao. Maji huchotwa ziwani kwa madumu, na mizigo husukumwa kwa chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili kifananacho na baiskeli. Kaskazini umesimama mlima Nyiragongo, ambao wingu la juu yake huwa jekundu usiku. Tarehe 17 Januari 2002 mlima huo ulipasuka, lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani, ikaliteketeza hata kanisa kuu. Watu kwa maelfu walikimbilia Gisenyi ng'ambo ya mpaka, wakawa wageni kwa siku chache, kisha wakarudi kujenga upya juu ya mawe hayohayo. Kwa hiyo wenyeji wetu walijua maana ya kuwa mgeni.

TULIVYOOKOLEWA

Jirani yetu alikuwa mama mjane mwenye watoto wanne. Katika juma letu la kwanza, alfajiri moja, mke wangu alishika panga aende kukata majani bondeni nyuma ya nyumba. Mama yule alimwona toka mbali, akapaza sauti: "Mama Mwalimu, usishuke! Kuko mazuku!"

Mazuku ni hewa mbaya itokayo ardhini penye volkeno. Ni hewa ileile tuitoayo tukipumua, iitwayo kaboni dioksidi, ila huko hutoka kwa wingi mno. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama mashimoni kama maji, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Macho hayaioni. Mtu mzima akipita wima huenda asidhurike, bali mtoto, au mtu ainamaye, huzimia na kufa. Jua lilipopanda, mama alitupeleka ukingoni mwa bonde lile, akatuonyesha ndege wadogo waliokufa chini.

Tangu siku ile alikuwa kwetu kama mzazi. Alimfundisha mke wangu kutwanga sombe, ambayo kwetu ni kisamvu, na kukausha sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Mwanawe wa kwanza, kijana wa miaka kumi na miwili, alikuwa akituchotea maji kwa malipo kidogo.

KOSA LANGU

Mnamo Novemba 2018 niliikosa noti ya dola hamsini. Huko Goma dola hutumika sokoni pamoja na faranga, na fedha hiyo ilikuwa ya kodi ya nyumba. Nilimwita kijana yule mbele ya majirani, nikamwuliza kama mwalimu amwulizavyo mwanafunzi ambaye hukumu yake imekwisha kukatwa. Alilia, akakana. Nikamwambia asije tena.

Jioni mama yake alikuja, akasimama mlangoni bila kuketi. "Mwalimu," akasema, "mtoto wangu si mwizi. Lakini nyumba ni yako." Akaenda zake. Salamu hazikukatika, lakini hakutia tena mguu nyumbani kwetu.

Basi Julai 2019 tulikuwa tukifunga mizigo. Nikaokota kitabu cha sarufi nilichokuwa sijakifungua kwa muda mrefu, na ile noti ikaanguka miguuni pangu.

Nilimweleza mke wangu, kisha nikampa shauri langu: tuondoke kwa amani, nami nikifika nyumbani nimwandikie mama yule barua na kumtumia zawadi. Mke wangu aliacha kukunja nguo, akanitazama. "Barua haina uso, mume wangu. Ulimwaibisha mtoto mbele ya watu. Mbele ya watu umrudishie jina lake. Mimi sipandi gari kabla hujafanya hivyo."

KUAGANA BILA KUSHIKANA MIKONO

Siku zile Goma ilikuwa katika hofu. Maradhi ya Ebola, yaliyotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, yalikuwa yamefika mjini. Mgonjwa wa kwanza alithibitishwa Jumapili, tarehe 14 Julai 2019. Maradhi hayo yalikwisha Juni 2020, yakiwa yameua watu zaidi ya 2,200. Kila mlango ulikuwa na ndoo ya maji yenye klorini, na kushikana mikono kulikatazwa. Nami nikawaza: nitaombaje msamaha nisipoweza hata kutoa mkono?

Jumanne, tarehe 23 Julai, siku moja kabla ya safari, tuliwaita majirani walewale waliosikia mashtaka yangu. Nikasimama uani, nikaishika ile noti wote waione, nikasema: "Fedha hii ilikuwa ndani ya kitabu changu. Mtoto huyu hakuiba. Mwenye kosa ni mimi. Naomba anisamehe, na mama yake anisamehe."

Watu walinyamaza kimya. Kijana alimtazama mama yake. Kisha akaja polepole, akanyosha kiwiko chake, kama tulivyokuwa tukisalimiana siku zile, akakigusa changu. Mama yake alipangusa machozi kwa kitenge. Nilipotaka kumpa ile fedha alikataa: "Fedha ni yako. Mimi nalikuwa nadai jina la mtoto." Alikubali tu vyungu na godoro, navyo mke wangu akamkabidhi mbele ya wote, pasiwe na neno baadaye. Asubuhi akatuletea furushi la sambaza kavu kwa ajili ya njia. Mpakani tukapimwa joto, tukanawa, tukavuka.

MIAKA ILIYOFUATA

Tangu mwaka 2022 vita viliwaleta wakimbizi wengi Lac Vert, mahema yakaenea juu ya mawe yale. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za upande huo, yakaua watu, na watoto miongoni mwao. Januari 2025 waasi wa M23 waliuingia mji. Kwa siku kadhaa tulipiga simu bila kupata jibu. Mwisho ikaitika sauti nzito ya kijana: "Jambo, Mwalimu. Tuko wazima. Mama huyu hapa."

Mke wangu aliketi chini akashukuru. Nami nikawaza: kama ningaliondoka na kosa lile, ningalikuwa na kinywa gani cha kuwaulizia hali siku ile?

Basi ninyi mtakaokwenda kukaa ugenini, mke na mume, kwa kazi au kwa masomo, msingoje siku ya safari ndipo muage. Anzeni mapema. Lipeni mnachodaiwa, gaweni vitu vyenu waziwazi, na mliyemkosea mwendeeni kwa miguu yenu. Na mmoja akivutwa na aibu, mwenzake amshike asiondoke hivyo. Wazee walisema kweli: milima haikutani, binadamu hukutana.